Utepe Uliobaki Bakulini

Jana usiku tarumbeta lililia mara moja tu kutoka kambi ya jeshi, likakatika katikati ya pumzi, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba wenzake wamelala. Leo asubuhi kijiwe chetu hakikuwa na habari nyingine. Kesho ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na kila kifua mtaani kina utepe wa kijani. Benchi letu liko kando ya meza ya Mzee Pasi, dobi wetu, na moshi wa mkaa wake ndio manukato yetu. Alikuwa anatunyooshea mashati ya kesho. Tepe zetu alikuwa amezichomoa, akaziweka kwenye bakuli pamoja na pini, moto usije ukazikunja. Yeye mwenyewe kifua kitupu. Mwanawe alikufa katika vita hivyo hivyo, ila alikufa akiwa upande wa pili. Tangu hapo hatujamsikia mzee akimtaja, na sisi hatuulizi.

Kipaza, anayeongea hata kahawa ikiwa mdomoni, ndiye aliyeanza.

— Ningekuwa mkubwa mimi, asiye na utepe hapiti barabarani. Ana lake jambo huyo!

— Kwani wewe umefiwa na nani vitani? aliuliza Wembe, kinyozi.

— Mimi? Nimefiwa na taifa zima!

— Taifa zima, na bado umenona hivyo.

Tulicheka. Mama Birika, muuza kahawa, alimjazia Kipaza kikombe.

— Mwacheni. Utepe wake mpana kama taulo. Mwakani atavaa shuka.

— Na wako uko wapi, shangazi? Mbona sioni kitu?

— Wangu nimeubandika kwa ndani. Mume alikuwa wangu, si wa maonyesho.

Kipaza alitazama chini. Sauti ilishuka, lakini haikukaa huko.

— Pole, shangazi. Ila kwa ndani wakubwa watauonaje? Watu wamekaa juu ya mapaa na darubini, nawaambieni. Mwakani watawavisha ng'ombe. Ng'ombe asiye na utepe, maziwa yake hayanunuliwi!

— Na kuku? aliuliza Wembe.

— Kuku atavaa mguuni!

Hata Mzee Pasi alitikisika mabega. Wembe akafuta machozi ya kicheko.

— Mimi navaa kwa ajili ya kaka, alisema. Alikuwa anachota maji tu. Hao wa upande wa pili wakampiga risasi ya mgongo.

Kisha akakumbuka amekaa karibu na nani. Pasi ilikuwa imesimama juu ya kitambaa.

— Mzee, shati linaungua!

— Ni lako, mwanangu. Nisamehe.

— Nisamehe wewe, mzee.

Mgongoni palibaki alama ya hudhurungi. Mzee alilikunja shati haraka, akatugawia mzigo wote, akatusogezea bakuli. Wa Kipaza ulijulikana kwa upana. Kutofautisha wangu na wa Wembe kulikuwa mtihani.

— Huu wako au wangu? nilimuuliza Wembe.

— Zote kijani, vaa tu. Kesho wewe umkumbuke kaka yangu, mimi nimkumbuke binamu yako marehemu.

— Binamu atashangaa: huyu kinyozi ametokea wapi?

Wakati huo akafika mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mwanamke mwenye beseni la mashuka kichwani. Alisalimia, akalitua, akachungulia bakuli.

— Na huu uliobaki ni wa nani?

Ulikuwa umepauka, kingo zimefumuka, lakini umenyooshwa ukanyooka. Sote tulikuwa na zetu. Mama Birika akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

Mzee Pasi aliiweka pasi pembeni.

— Kila mwaka nauchanganya na zenu, alisema. Ukae na wenzake kidogo. Huwa nauondoa kabla hamjachukua. Leo lile shati limenisahaulisha.

Wembe aliinuka. Nilishika ukingo wa benchi, maana najua alivyompenda kaka yake. Aliuchukua ule utepe, akaugeuza, akatafuta pini. Akaishika mdomoni kama anavyoshika kitana akiwa kazini, huku mikono yake ikimwekea mzee kola sawa. Kisha akaubandika utepe kifuani pa mzee, polepole, asimchome.

— Kesho nitasimama na wewe, mzee, alisema. Wa kwangu nitamtaja mwenyewe. Wa kwako nimtaje nani?

Mzee aliugusa utepe kifuani. Mpangaji mpya alirudi nyuma hatua moja, asijue amegusa nini.

— Faraji, alisema Mzee Pasi. Alikuwa anaitwa Faraji.