Mzee Pyo Mlangoni kwa Mama Sufuria

Benchi letu liko mbele ya duka la Mama Gyu-cheol, hapa Uijeongbu, Korea Kusini, kando ya ile mashine ya kahawa ambayo mpaka uigonge ubavuni ndipo ikumbuke kazi yake. Mchana tunakaa watu walewale. Yupo Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi na cheo chake hakikuvuka ukoplo. Yupo Redio, dereva teksi mstaafu, anayetangaza habari kabla hazijatokea. Yupo Mama Gyu-cheol mwenyewe, anayesema hana muda wa umbea na hajawahi kukosa kikao hata kimoja. Na mimi, fundi viatu, wananiita Kiraka. Ng'ambo ya kichochoro ni mgahawa wa Mama Sufuria, anayeuza mchuzi wa kambi: soseji, nyama ya kopo, kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na tambi, vyote vinachemka hapo hapo mezani, pilipili ya kukutoa makamasi. Na mlangoni kwake, mchana huo wa Februari, alikuwa amesimama tena Mzee Pyo.

Redio: Haya, kaja. Tazameni. Sasa atavua glavu.

Mzee Pyo akavua glavu.

Redio: Atachungulia kioo.

Akachungulia.

Redio: Sasa atavaa glavu, ajifanye amesahau kitu nyumbani.

Mama Gyu-cheol: Hebu muache mwenzio. Unamtangaza kama mpira.

Redio: Kwani nimemtukana? Nauliza tu. Mtu anakuja kila siku mpaka mlangoni, haingii, haombi maji, halafu anaondoka. Ni akili hiyo?

Kusema kweli wote tulikuwa na wasiwasi naye. Mkewe, Bi Ok-bun, alifariki mwezi wa Novemba, wakati watu wanatia kimchi ya majira ya baridi, na tangu hapo Mzee Pyo hakuja tena benchini. Zamani alikuwa na kicheko cha kuwashtua njiwa. Sasa koti lilimning'inia kama limetundikwa msumarini.

Mama Gyu-cheol: Mimi kinachonitisha ni kingine. Kwangu ananunua tambi pakiti moja na yai moja. Leo pakiti moja na yai moja, kesho pakiti moja na yai moja. Yule mtu atatuangukia siku moja, nawaambieni.

Kanali: Sasa mtu asiyekula, mlangoni kwa mgahawa anatafuta nini?

Hapo ndipo kijiwe kilipochangamka. Redio akaigonga mashine, akachukua kikombe chake cha karatasi, akakaa vizuri.

Redio: Mimi ninavyojua, yule anapeleleza. Anataka kufungua mgahawa wake. Anahesabu wateja.

Kanali: Nani, Pyo? Pyo aliyeunguza maji ya chai?

Redio: Ndiyo maana anapeleleza! Angekuwa anajua kupika angepeleleza nini?

Mama Gyu-cheol: Na mtaji katoa wapi, kwenye mayai yangu?

Kanali: Nyie hamjui kusoma mtu. Hebu tazama hilo koti. Ni koti la harusi za watu. Tazama nywele, kachana. Mwanamume akichana nywele kwenda kusimama mahali penye mwanamke, mimi sihitaji kuambiwa zaidi.

Mama Gyu-cheol: Ushindwe! Mama Sufuria? Mwenye meno mawili ya dhahabu na mdomo wa kumkimbiza askari?

Kanali: Moyo hauulizi meno.

Mimi: Kanali, mkewe hata mwaka hajamaliza.

Kanali: Kiraka, sijasema anaoa kesho. Nimesema kachana nywele.

Mama Gyu-cheol akatikisa kichwa, akasogea mbele, akateremsha sauti, ingawa kichochoroni hapakuwa na mtu mwingine ila paka.

Mama Gyu-cheol: Mimi siyo mtu wa maneno. Lakini nauliza tu, ule mchuzi wa Mama Sufuria ulikuwaje zamani? Maji matupu. Ukawa mtamu tangu lini? Tangu alipoanza urafiki na Ok-bun. Marehemu ndiye aliyempa siri ya ile pilipili. Sasa mzee anakuja kudai haki ya mkewe, na kila akifika mlangoni anaona haya.

Redio: Ahaa! Kwa hiyo ni kesi!

Kanali: Kesi gani? Siri ya mchuzi wa kambi ni soseji, na soseji zilitoka kambini kwa Wamarekani. Nyie hamkuwa jeshini. Pyo alikuwa kikosi cha mawasiliano. Angalia mwendo wake: glavu anavua, anachungulia, glavu anavaa. Hiyo ni ishara. Ghorofa ya juu kuna mtu anapokea.

Mama Gyu-cheol: Ghorofa ya juu kuna chuo cha piano.

Kanali: Ndiyo hivyo! Nani atamshuku mwalimu wa piano?

Redio: Wewe Kanali unazunguka tu. Mtu wa mawasiliano hatazami juu, anatazama chini. Mpaka wa kaskazini uko karibu na hapa. Chini ya lile jiko la Mama Sufuria kuna handaki. Moshi wote ule unadhani ni wa mchuzi?

Mimi: Acha fiksi, Redio.

Redio: Fiksi? Mbona usiku wa jana sakafu yangu ilitetemeka?

Mama Gyu-cheol: Ni wewe unavyokoroma!

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ng'ambo, Mzee Pyo alikuwa bado hajavaa glavu. Siku hiyo alikawia kuliko kawaida yake. Mlango ukafunguliwa, lakini si yeye aliyeufungua. Alitoka mwanamke wa makamo, amevaa sweta la kijani, akampisha mzee kwa heshima, akavuka kuja kwetu. Nilimtambua. Alikuwa amehamia mtaani juzijuzi, kachukua lile duka la dobi la pembeni. Jina lake Cheon-ae.

Cheon-ae: Shikamooni wazee wangu. Mama, naomba tambi, pakiti moja tu.

Mama Gyu-cheol: Tambi tena? Si umetoka kwa Mama Sufuria sasa hivi?

Cheon-ae: Nimeingia, nimetoka. Kumbe mchuzi wake unaanzia watu wawili. Nikamwambia basi, nipikie wa watu wawili, nitajitahidi. Mama wa watu hana neno, kawasha jiko, kaniwekea sufuria kubwa. Halafu kaniwekea bakuli mbili na vijiko viwili.

Redio: Sasa shida iko wapi? Ungekula kwa bakuli mbili.

Cheon-ae: Nilikaa nikakitazama kile kijiko cha pili, baba. Nikashindwa. Nimemwomba radhi, nimeondoka. Mtu ukiwa peke yako mchuzi ule hauliki.

Akageuka kumtazama Mzee Pyo.

Cheon-ae: Na yule mzee pale? Kila siku namwona kutoka dukani kwangu. Yeye huwa anakula na nani?

Mimi: Alikuwa anakula na mkewe. Kila wiki, meza ya dirishani.

Cheon-ae: Na sasa?

Redio akaigonga mashine tena, wala hakuwa na kikombe mkononi. Mama Gyu-cheol alishika pakiti ya tambi akasahau kumpa mteja. Ijumaa iliyopita sisi wanne tulikaa kwa Mama Sufuria, tukaagiza sufuria kubwa, tukagombea soseji ya mwisho, wala hatukupita kumgongea. Tuliambiana kwamba mfiwa anaachwa apumue. Karatasi ya mlangoni inayosema mchuzi ni kuanzia watu wawili tumeipita mara ngapi sijui, hatujawahi hata kuisoma, kwa sababu haikutuhusu. Niliona haya, nayo ilinipanda mpaka masikioni.

Ng'ambo, Mzee Pyo akaanza kuvaa glavu.

Kanali akasimama. Akakitupa kikombe, akajifuta mdomo, na sauti aliyoitoa nadhani waliisikia mpaka kwa mwalimu wa piano.

Kanali: Kaka Pyo! Kaka Pyo, ngoja! Usiondoke, nisaidie!

Mzee Pyo akageuka.

Kanali: Nina njaa nakufa, na huyu mama anataka watu wawili! Hawa wote hapa wameshiba, hawana utu! Nifanyeje?

Alikuwa amekula maandazi yangu manne ya mvuke muda si mrefu. Mzee Pyo alimtazama, akatutazama sisi benchini mmoja mmoja. Yule siyo mtoto. Alijua. Nikaogopa atakasirika, kwa maana hakuna kinachouma kama kuhurumiwa mbele za watu.

Mzee Pyo: Kweli una njaa?

Kanali: Nazimia, kaka.

Mzee Pyo: Tangu jeshini ulikuwa mwongo wewe.

Kanali: Nilikuwa mpishi.

Mzee Pyo: Ndicho ninachosema. Haya, ingia. Na mwiko utauacha kwangu, umesikia? Wewe utauharibu.

Kanali akakimbia kama kuruta. Baada ya muda tuliwaona dirishani, kioo kimeshika mvuke, mzee ameinama juu ya sufuria anakoroga kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamkaripia Kanali asiguse tambi mapema. Hatukusikia neno hata moja. Lakini alikuwa anaongea, anaongea bila kupumzika, na bakuli la kwanza alilojaza alilisukuma upande wa pili wa meza. Nilifurahi sana, na macho yangu yakafanya mambo ambayo mwanamume anayasingizia pilipili, tatizo ni kwamba mimi nilikuwa sijala.

Redio: Unadhani anamwambia nini?

Mama Gyu-cheol: Redio, wewe funga kituo leo.

Akairudisha ile pakiti ya tambi kwenye rafu, akavuta mlango wa duka, akamshika Cheon-ae mkono.

Mama Gyu-cheol: Twende, mdogo wangu. Unapenda pilipili au unajikaza tu?

Cheon-ae: Naipenda, mama.

Wakavuka. Benchini tukabaki mimi na Redio. Akanitazama, nikamtazama.

Redio: Kiraka, hapa tuko wawili.