Kiganja Nyuma ya Madhabahu

Zimeni hiyo redio, wanangu, mketi mahali nitakapowaona. Adero, kaa hapa karibu na miguu yangu, maana la leo ni lako zaidi. Brandon, weka simu chini. Huyo anayekutumia ujumbe hafi leo, mimi ndiye ninayekufa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi Oloo, fundi wa rangi, nimefika ukingoni hapa hapa Laini Saba, kifua kimejaa vumbi la msasa, mwili umechoka hata kubishana na blanketi.

Mali yangu haitawagombanisha. Brashi ni za Adero, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Redio ni ya Brandon. Ngazi ndefu si yetu, ni ya Gikonyo wa Gatina. Mrudishieni kabla ya matanga, asije akanililia huku macho yanaitafuta.

Sasa sikilizeni. Nimepaka nyumba za wakubwa, nimepaka mabaa na maduka, lakini moyo wangu ulibaki kwenye kanisa dogo la ile shule ya wanajeshi, nililolipaka kila Desemba tangu nikiwa na nywele kichwani. Nililipenda kanisa lile, wala sioni haya kusema. Dari la mbao, harufu ya nta sakafuni, wavulana wakifanya mazoezi ya nyimbo huku buti zao zikipiga mdundo, mpaka vumbi la darini linaniangukia kwenye ndoo. Asubuhi kulikuwa na ukuta mmoja usiopakika, kwa sababu vioo vyekundu na vya bluu vya dirishani vilimwaga rangi zao juu ya nyeupe yangu, nisijue nimepaka wapi na nimeruka wapi. Basi nilikuwa naketi kwenye benchi nangoja jua lipande, na hakuna mtu aliyeniita mvivu.

Padre wa pale ndiye aliyemwombea kaka yenu Ogola nafasi ya kusoma shuleni hapo. Likizo moja Ogola alikuja kunisaidia, akateleza nyuma ya madhabahu, akajishika ukutani, alama ya kiganja kizima ikabaki kwenye rangi mbichi. Nikamtukana kwa Kijaluo, naye akacheka tu, akasema, "Baba, si uiache. Hapo hakuna mtu huona, ni wewe na Mungu." Nikaiacha. Mwaka uliofuata nikapaka kuizunguka kwa brashi ndogo, na uliofuata vilevile, koti la rangi juu ya koti, mpaka kiganja kikazama ukutani, ukawa unaweza kukipapasa umefumba macho.

Ogola akawa askari, akavuka mpaka, hakurudi. Maafisa wawili walisimama hapa mlangoni, wakavua kofia, wakasema hawakupata chochote cha kutuletea. Marehemu mama yenu Aketch aliwapa chai.

Ndipo baba yenu mkubwa, Odera, akaja kutoka nyumbani na neno la wazee. Mnaijua desturi yetu: mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu zito, ili naye awe na kaburi na roho yake ijue kwao. Nikamfukuza. Nikamwambia mwanangu si tunda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo nilivyomwona, na tangu siku hiyo hatujasemezana. Yeye hakujua kwamba kila Desemba nilikuwa natia mkono wangu ndani ya mkono wa Ogola, nasema, bado yupo.

Adero, uliponiambia umepata kazi pale kanisani, kwamba kuta zitakwanguliwa zibandikwe taili, niligeukia ukutani na ukadhani ni kikohozi. Halafu ukasema utamwomba kontrakta akuachie kile kipande chenye kiganja, ukikate na plasta yake uniletee. Una moyo mzuri, mama. Usikilete. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia vya kutosha. Nimechoka kumngoja mtoto wangu.

Jumatatu tangulia, kabla vijana hawajafika na tindo zao. Nenda na brashi yangu ndogo. Weka kiganja chako ndani ya chake, umwite jina lake, umwambie baba ametosheka. Kisha kipake, tindo zikute ukuta mtupu. Kipake wewe dada yake, asije mgeni akamkwangua.

Brandon, mpigie Odera, usimtumie ujumbe. Mwambie Oloo anasema, tafuta yago. Usiniangalie hivyo, wewe ndiye mwanamume aliyebaki. Makaburi yachimbwe mawili, kando ya mama yenu. Mimi mniache mochari hata kama ukoo utanung'unika, kungoja nimezoea. Msinizike kabla yake... Mtoto alale kwanza, ndipo baba afunge mlango.

Nipeni maji. Hapana, inatosha.

Leteni vichwa vyenu hapa, mkono haunyanyuki. Mungu awape kazi isiyowaaibisha. Awape watoto watakaowazika... wao wawazike ninyi, si ninyi wao. Msigombane. Ngazi ya Gikonyo, msisahau...

Adero. Makoti mawili, mama. Moja halitamfunika.