Mlango wa Kapteni Tolliver

Ndugu waombolezaji, mimi ni Josiah Stroud, kaka wa mjane, nimepewa na familia jukumu la kusoma wasifu wa marehemu hapa nyumbani kwake, na mniwie radhi nikitupa macho dirishani, maana nanyi nyote mnatupa.

Kapteni Ambrose Tolliver alizaliwa tarehe 9 Machi 1831 huko Kentucky, mtoto wa nne wa mhunzi, akasoma shule ya kanisa wakati wa baridi tu, akajifunza sheria ofisini kwa mjomba wake, na mwaka 1857 akaja hapa Kansas, akitetea watu chini ya turubai kabla mahakama haijajengwa. Mwaka 1859 alimwoa dada yangu Lavinia, wakajaliwa Enoch na Hester. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipozuka aliingia jeshi la wapanda farasi, akafikia cheo cha kapteni, na mnaomwita simba mjue kwamba alitapika kila asubuhi ya mapigano, akajifuta mdomo, akapanda farasi.

Mwaka 1872 tulimchagua kuwa mbunge, akapitisha sheria ya kuhamishia makao makuu ya wilaya hapa Bethel kutoka Cutler, na watu wa Cutler, waliofunga maduka yao moja baada ya jingine, wakaapa kwamba hatazikwa katika wilaya hii. Tarehe 2 Novemba 1874, akiwa mezani anakula, alipigwa risasi kupitia dirishani, ikaingia pafuni, akafariki tarehe 11.

Siku hiyo ya mwisho alinisikia nikigongelea mbao mlangoni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Wanakuja, Kapteni."

"Zing'oe. Mtu akikuta mlango umefungwa atapiga risasi, akiukuta wazi huenda akavua kofia."

"Na asipovua?"

"Basi utakufa bila kuharibu mlango wa dada yako."

Tunamshukuru Daktari Lyle, mtu wa Cutler, aliyevuka mto kila siku kumtibu huku wenzake wakimlaani, tunawashukuru majirani mliochimba kaburi, na mawakili wenzake watakaobeba jeneza. Tunawashukuru pia ninyi wa Cutler, mliokuwa kijitoni wakati wa wimbo na sasa farasi wenu wako uani, kwa kufika, ingawa hatujui mmekuja kuzika au kuzuia. Mimi naogopa, siwezi kusema uongo mbele ya maiti. Bunduki zilizo chini ya mabenchi, tafadhali, zibaki huko huko.

Pumzika kwa amani, shemeji. Lavinia, dada yangu, fungua mlango.