Komando Agomea Ndege

Kijiwe cha kahawa cha Kilwa Masoko, kile cha nyuma ya soko la samaki, kina benchi moja na wataalamu wawili na nusu. Nusu ni Yasini, kwa sababu yeye hakai: mkono mmoja birika, mkono mwingine simu, watu wakamwita Satelaiti. Mzima wa kwanza ni Abdulwahab, anaitwa Meneja kwa kuwa aliwahi kulinda mlango wa meneja wa benki. Wa pili ni Mzee Pazi, mchuuzi wa pweza, anaitwa Komando. Jina hilo alilipata siku aliyomkimbiza mwizi mtaa mzima akamkaba, kumbe ni muumini anayewahi swala. Tangu siku hiyo Komando hajakimbiza hata kuku.

Jumatano hiyo Komando alikuja na jambo lililomnyima usingizi. Binti yake Nusaiba anaolewa Mwanza, keshokutwa Ijumaa baada ya swala, na yeye baba ndiye walii, ndiye wa kumshika bwana harusi mkono na kutamka kwamba amemwozesha. Tiketi ya ndege ya kesho alishatumiwa. Kwa basi asingewahi, angekuta watu wanaosha masufuria. Ila ndege yenyewe ni ya shirika la Mbayuwayu, na wiki hiyo Mbayuwayu walikuwa wamechafuka nchi nzima. Satelaiti aliionyesha tena ile video: plastiki ya dirishani imedondoka, abiria mwenye suti kaipakata mpaka Dodoma kama kapewa mtoto mchanga. Kabla ya hapo, mabegi ya watu wa Kigoma yalikwenda kulala Songea.

— Na leo ukitaka kiti hupati, alisema Satelaiti. Wamejaa mpaka mwisho wa mwezi. Hapo ndipo wanaponichanganya.

Basi kijiwe kikaingia kazini. Ijulikane kwamba pale benchini aliyewahi kwenda juu kuliko wote ni Meneja, alipopanda mnazi akashindwa kushuka, wakamteremsha kwa kamba. Huo ndio uzoefu wao wote wa mambo ya anga, na uliwatosha.

Meneja alianza kwa upole. Alieleza kwamba shirika lililoanza zamani, watu hulizoea, na mtu akishazoea hasikii tena. Akatoa ushahidi wa hapo hapo: mwaka jana si walikuta mende ndani ya birika la Satelaiti, mji mzima ukajua, na kesho yake si walikaa hapa hapa na vikombe vyao? Satelaiti aliudhika, akasema yule mende aliingia mwenyewe na kahawa ilishaisha. Lakini hakuna aliyerudisha kikombe.

Kuanzia hapo mambo yakapaa. Satelaiti akasema video zile wanazisambaza wenyewe Mbayuwayu ili watajwe kila kijiwe bila kulipia tangazo. Meneja, asitake kushindwa, akadai kila ndege yao huwekwa sheikh mmoja na padri mmoja, wanasafiri bure, kazi yao kuomba dua kimyakimya kuanzia kupaa hadi kutua. Satelaiti akapanda zaidi: abiria ni wale wale siku zote, wanazungushwa tu angani ili ndege ionekane imejaa.

— Na mafundi wao wanafunga ndege kwa gundi ya viatu, alimalizia Meneja.

Komando alicheka kuliko wote, akajisikia vibaya hapo hapo. Kuna kitu hakuwaambia wenzake: mkwe aliyetuma tiketi, Twaibu, ni fundi wa ndege hizo hizo. Aliogopa wangemcheka kijana wa watu. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayemcheka.

Uamuzi wa kijiwe ulikuwa mwepesi. Ampigie sheikh wa Mwanza, amkabidhi aozeshe kwa niaba yake. Dini imeruhusu, simu ipo, na roho itabaki Kilwa salama. Komando akaitoa simu, akaanza kulitafuta jina la sheikh.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa kutoka milimani, Fortunata, na gunia lake la ufuta, akisubiri bajaji. Alikuwa amesikiliza yote bila kucheka.

— Shikamoo baba. Samahani, sisi huko kwetu hatuna mambo ya walii. Hiyo tiketi kakukatia nani?

— Marahaba mwanangu. Mkwe.

— Mkwe anafanya kazi gani?

Komando alikiangalia kikombe chake. Akaona bora aseme yaishe.

— Fundi. Fundi wa hizo ndege za Mbayuwayu.

Meneja alikohoa. Gundi ya viatu ilimkaa vibaya kooni. Fortunata alipouliza tena hakuwa na kejeli hata chembe, alitaka kujua tu.

— Sasa baba, mikono ya kijana huyo umeiamini kumpa mwanao maisha mazima. Wewe mwenyewe, saa moja na nusu tu ya kukaa angani, unaogopa nini?

Satelaiti aliizima skrini ya simu akaanza kupangusa vikombe visafi. Komando alijionea aibu kweli, mzee mzima, mchuuzi anayeheshimika.

Akaliacha jina la sheikh, akapiga namba nyingine.

— Nusaiba, mwanangu. Hebu muulize mwenzio, humo ndani ya ndege yake kuna baridi? Nije na koti?

Kumbe mtoto alishaambiwa na mama yake tangu asubuhi kwamba baba anaiogopa ndege, hatokuja. La koti hakulijibu, alikuwa analia.