Bi Mboji na Mbegu Tulizozing'oa

Waombolezaji wenzangu, kamati iliniomba niandike mambo mazuri tu, tena kwa ufupi. Mazuri yapo mengi. Ufupi nitajitahidi. Lakini mimi ni mjomba wake, ndiye niliyemshikisha jembe kwa mara ya kwanza, na hasira niliyonayo leo imekataa kubaki nyumbani. Mtaniwia radhi. Msiponiwia, nitasoma vilevile.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, akiwa mtoto wa tatu wa dada yangu. Mvua ilikuwa imeanza juzi yake. Dada alikuwa amepanda maharage mistari minne, uchungu ukamkamata kabla ya mstari wa tano. Huo niliumalizia mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna maharage yaliyozaa kama yale. Marehemu alipokua alikuwa ananiambia, "Mjomba, mstari mmoja umeuhadithia miaka hamsini. Ungelima shamba zima tungekukimbia."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi 1985. Mimi shule niliijua zaidi kwa nje, upande wa dirisha, lakini madaftari yake niliyasoma. Katika daftari la sayansi la kidato cha pili alichora minyoo ya ardhini kurasa tatu nzima, na vijishimo vyake. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Swali lilihusu moyo wa binadamu." Alama alipata sifuri. Daftari alilitunza hadi mwisho.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika duka la pembejeo, akiuza dawa za kunyunyizia mboga. Alikaa kaunta miaka tisa. Siku moja mteja wake mkubwa, mkulima wa nyanya, alimwambia huku akibeba madumu, "Hizi ni za sokoni, dada. Za kula na watoto nimepanda nyuma ya jiko, zile sipulizi kitu." Marehemu alirudi nyumbani hana rangi. Mwezi huohuo aliacha kazi. Ukoo mzima ulimwita mjinga, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu.

Kuanzia 1997 alilima ekari moja na nusu, bila tone la dawa wala punje ya mbolea ya dukani. Kiangazi alipanga malundo ya mboji: samadi ya mbuzi, majani makavu, maganda ya jikoni, tabaka juu ya tabaka. Alichomeka kijiti katikati, akakichomoa na kukishika kiganjani kama nesi anayepima homa. Ndipo wakamwita Bi Mboji. Mvua za kwanza zikinyesha, alihamishia miche shambani jioni, jua likiwa limepoa. Mvua zikikolea, aliokota viwavi kwa mkono, mmoja mmoja, na kumwagia majani maji ya mwarobaini. Mvua zikiisha, ndipo alipofanya kazi aliyoiita kazi yenyewe. Alikagua kila tuta, akachagua mimea mizuri kuliko yote, akaifunga kitambaa chekundu shingoni. Hiyo haikuchumwa. Iliachwa ikue, ikomae, itoe maua, ikauke, izae mbegu. Aliiita "mama zao". Mchicha wake ulikuwa uzao wa mama hao kwa miaka ishirini na saba, na ulivumilia ukame ambao wa jirani ulinyauka kwa kuusikia tu kwenye redio.

Maana ya vile vitambaa nilielezwa mara nyingi. Sikusikia, kwa sababu wakati anaeleza, mimi nilikuwa naongea.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la lile duka. Fundi alirudi mara nne kuziba bomba lilelile, na hakuna aliyehoji ufundi wake. Ndiye aliyetoboa mipira ya kumwagilia, tundu kwa tundu, kwa msumari wa moto. Mungu aliwajalia binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa upole wangu unakwisha. Maumivu ya tumbo yalimwanza Februari mwaka huu. Tulimwambia aende hospitali. "Ngoja nihamishe miche." Miche ikahama. "Ngoja nipalilie." Akapalilia. "Ngoja nichague mama zao." Nina hasira naye, naandika wazi, maana shamba lingengoja, ugonjwa haukungoja. Nina hasira nasi pia. Tulikwenda pale kila wiki, tukabeba mboga kwa vikapu, tukamwacha akiwa ameshika ubavu. Agosti madaktari waligundua saratani ya kongosho, na haikuwa changa.

Septemba alilazwa wiki tatu. Ndipo kaka yake mkubwa, tunayemwita Injinia ingawa hajawahi kufunga hata bawaba, akasema tumfanyie dada jambo la upendo, tumsafishie shamba. Mimi nikadakia, nikajipa usimamizi. Tulikuta mimea mirefu imekauka, imeinama, ina vitambaa shingoni. Nikasema, "Oneni shamba la mgonjwa lilivyochakaa!" Tulikwenda watu tisa. Tuling'oa kila kitu, tukarundika, tukatia kiberiti. Tulipiga hadi picha.

Alirudi Jumapili, tarehe 22 Septemba, akaomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu moja kwa moja hadi shambani. Nilimpokea getini na jembe begani kama jemadari.

"Umeona, mpwa wangu? Linang'aa kama uwanja wa ndege!"

Alitazama tuta kwa tuta. Akauliza, "Mama zao wako wapi?"

Nikageuza macho kwenye lundo la majivu.

"Mmechoma?"

Binti yake akaanza kulia. Mbegu zote alizotunza kwenye kopo zilikuwa zimeshapandwa msimu ule, kama kila msimu. Mpya zilikuwa bado kwenye vichwa vya ile mimea tuliyoichoma. Miaka ishirini na saba ilikuwa pale miguuni pake, rangi ya kijivu.

Kisha akanigeukia, uso ukachangamka kidogo. "Lakini mjomba, wewe unazo. Si unapanda zangu kila mwaka?"

Ni kweli alinipa, kila mwaka, kama akiba nje ya nyumba, tangu panya walipomharibia mbegu miaka minne iliyopita. Alizifunga kwenye karatasi za daftari na kuandika jina na mwaka. Kila msimu aliniuliza mchicha umeotaje, na kila msimu nilimjibu umenipita kimo. Siku ile pia nikajibu, "Umejaa, mpwa wangu, hadi nakosa pa kukanyaga!" Akashusha pumzi. Akasema, "Basi sawa." Akaomba arudishwe kitandani.

Ndugu zangu, sijawahi kupanda hata punje. Bustani yangu ni maneno matupu. Vile vipakiti nilivitupa kwenye droo ya misumari, na kwa wiki mbili niliogopa hata kuifungua. Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, niliifungua. Vilikuwepo vinne, havijaguswa. Nikatoa punje kumi za mchicha, nikazitandika kwenye kitambaa kibichi, nikazifunika kwa sahani. Nilitaka nimpelekee zikiwa zimechipua, ndipo nimwambie ukweli.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Punje zilichipua Ijumaa. Saba kati ya kumi. Siku moja tu, jamani. Uvivu wangu ndio uliozihifadhi, na uongo wangu ndio uliomfariji. Sijui nikasirikie kipi kwanza.

Jana hapa msibani, jeneza halijafika, nilimsikia Injinia akisema shamba likodishwe kwa jirani mwenye bomba la dawa. Injinia, thubutu. Ufunguo wa geti anao binti, na mbegu anazo binti. Nilimkabidhi leo asubuhi, vipakiti vyote vinne. Watu tisa tuliochoma tunajijua. Jumamosi saa moja asubuhi tuwe pale, kila mtu na jembe lake, tuandae kitalu kabla mvua haijaanza. Binti ndiye atakayesema nini king'olewe. Chenye kitambaa chekundu hakiguswi. Na mimi siku hiyo nitafunga mdomo. Aliye na mashaka aje ashuhudie.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, mama yake mzazi, kaka wawili, mjomba mmoja mwenye makosa, na ekari moja na nusu ya udongo mweusi.

Pumzika kwa amani, mpwa wangu. Mchicha umeota. Safari hii sisemi uongo.