Zephaniah Nyamweya, Mpiga Banjo wa Jumamosi

Marehemu Zephaniah Nyamweya alizaliwa Keroka tarehe 4 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Ondara na Mama Bosibori. Alisoma hadi kidato cha nne mjini Kisii. Huko ndiko alikosikia redioni muziki wa bluegrass, banjo na fidla za milimani Marekani, na moyo wake haukutoka tena huko.

Alimwoa Peris Kemunto tarehe 15 Desemba 1991. Mwaka 1999 alikuja London, akaendesha basi upande wa Southall mpaka alipougua. Peris alimfuata mwaka 2002, akapata kazi ya kutunza wazee.

Banjo alijifunza mwenyewe. Hakulipwa kwa kupiga, wala hakutaka. Siku moja alivaa vidoleni kucha zake za chuma za kupigia nyuzi, akapiga jikoni hadi ugali ukaungua, na siku hiyo alicheka kama kijana.

Kila Jumamosi alasiri alikwenda Rayners Lane, mtaa mwingine wa London, ambako wenzake wa bluegrass walipiga wakiwa wameketi duara nyuma ya baa. Peris alikwenda Sabato peke yake. Akiulizwa kanisani alisema, "Yuko zamu." Miaka yote hiyo alimwomba mumewe kitu kimoja tu, apelekwe akaketi asikilize. Alijibiwa, "Utachoka, Mama Tony. Huko ni kelele tu."

Agosti 2025 marehemu aligundulika ana kansa ya koo, ikamnyang'anya sauti. Jumanne tarehe 11 Novemba, hospitalini, aliinua mguu wa kulia chini ya shuka. Peris akaushusha, akamfunika. Akauinua tena. Peris alidhani ni maumivu, akaenda kumwita nesi. Aliporudi, mumewe alikuwa amekata roho.

Praful, mpiga fidla wa kundi lao, mzaliwa wa Nakuru anayekaa Kingsbury, alikuja kutoa pole. Alipoona picha ya harusi ukutani, alimgeukia Peris.

"Samahani, Mama. Zeph alituambia mkewe alibaki Kenya."

"Nilibaki, au nilikufa?"

"Ulibaki."

"Basi alinihurumia."

Peris akamsimulia habari ya mguu. Praful akaweka kikombe chini.

"Shemeji, kwenye duara, anayeongoza wimbo akiinua mguu anatuambia huu ni mzunguko wa mwisho. Tumalize pamoja."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Peris shemeji kwa sababu ya banjo ile. Alikuwa ameapa kundi hilo halitakanyaga makaburini. Baada ya siku mbili alimpigia Praful simu, akasema waje, ila kwa sharti lake.

Marehemu ameacha mjane, Peris, aliyekuwa hapa hapa London, mwana, Tony, binti, Moraa, na wajukuu wawili. Mungu amlaze salama.

Sasa kundi litapiga wimbo mmoja. Viti vimepangwa duara, na kimoja ni cha Peris. Mguu atauinua yeye.