Marehemu Melkiori Sulle na Bima Zake Mbili

Ndugu waombolezaji, mbele yenu amelala baba yetu, Melkiori Sulle, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Mbulu, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akajiunga na mafunzo ya mifugo, akaajiriwa mwaka 1974 na kutibu ng'ombe wa wilaya hii ya Babati hadi alipostaafu mwaka 2012.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Marietha, wakajaliwa watoto watatu, Hezekia, Fabiola na mimi Adrian ninayesoma.

Baba hakuamini ofisi yoyote peke yake, kwa hiyo juu ya bima ya umma, iliyoahidi mhudumu wa nyumbani kwa asiyejiweza, alikata na bima ya nyongeza kwa kampuni binafsi, ili moja ikiteleza nyingine imdake. Alipopooza upande wa kulia, tarehe 11 Februari 2024, ofisi ya umma ilisema itafuata baada ya kampuni kulipa, kampuni nayo ikasema itafuata baada ya umma, na baba akabaki kitandani akisubiri wa kutangulia.

Mwezi Juni kampuni ilimtuma mkaguzi, na sisi, kwa kuwa mgeni ni mgeni, tulimwogesha baba, tukamvika suti, tukamwegemeza kwa mito, naye aliposalimiwa akajibu kama mtu mzima yeyote wa Babati, kwamba marahaba, sisi wazima, sijui huko mtokako. Mkaguzi aliandika kuwa mzee ni mzima na mchangamfu. Ofisi ya umma ikaisoma taarifa hiyo na kuiamini upesi ajabu.

Tukakata rufaa. Safari ya pili mama alimwacha baba kama alivyo, na mkaguzi akatushuku kwamba tunaigiza, maana mtu hawezi kuharibika kiasi hicho tangu Juni, akamtaka ainue mkono wa kulia. Baba akasema, "Kijana, mimi ng'ombe akilala sikuwa namwambia asimame kwanza ndipo nimtibu."

Hata ukoo ulianza kunong'ona kwamba mimi nimekula mafao, na siwalaumu, kwani hata mimi nilianza kumshuku Hezekia. Wakati huo mama alikuwa akimgeuza baba peke yake, vidonda vikaota mgongoni, vikaingia sumu, na tarehe 3 mwezi huu, saa kumi na moja alfajiri, baba akafariki.

Tunawashukuru madaktari, waumini wenzake, majirani wa Nangara, na hasa muuguzi mstaafu Domina, aliyekuja kusafisha vidonda bila kuuliza nani anatangulia.

Juzi ofisi zote mbili zilikubaliana kumkagua baba kwa pamoja Alhamisi ijayo. Tumewajibu kwamba anaagwa leo saa nane, na mwenye shaka apange mstari kama wengine.

Baba Hezekia, pumzika kwa amani. Huko uendako tunaamini ofisi ni moja.